DEK, OSUGA NA NYASI ZA SUNGURA: MBONA MBEGU ZAKO HAZIOTI?

Kabla hujafunua ukurasa wa mashairi na vichekesho, hebu nikuulize swali moja. Je, umewahi kupanda dek ikakataa kuota? Usione haya kujibu. Watu wengi hapa Migori wamepanda, wakanyunyiza maji asubuhi na jioni, wakangoja wiki ya kwanza, wakangoja ya pili, mwishowe wakasema ati dek ni mboga ya mwitu, hujiotea yenyewe inapotaka, haipendi kupandwa na mtu. Kisha wakalima pale pale upya wakatia sukuma wiki. Mimi nasema dek hupandwa, na huota vizuri sana, ila mbegu yake ina tabia yake. Kila mboga ya kienyeji ina tabia yake. Ukiijua hiyo tabia, hata kwenye mkebe wa Kimbo nyuma ya nyumba ya kupanga utavuna.

Kwanza tuelewane kwa majina, maana darasani kwetu tumechanganyika na kila mtu huita mboga kwa lugha ya kwao. Dek ndiyo mgagani kwa Kiswahili sanifu. Sokoni wengi huiita saga, na Wakisii huiita chinsaga. Osuga ni mnavu, au managu kama wasemavyo watu wa Nairobi. Apoth ni mlenda, ile mboga ya kuteleza. Mitoo hubaki mitoo, ingawa ndugu zetu wa Tanzania wana aina yake moja waiitayo marejea. Ododo, yaani mchicha, na bo, yaani kunde, sitaziongelea leo kwa sababu hazina maringo. Hizo ukizitupa tu huota.

Sina ugomvi na sukuma wiki. Imetusukumia wiki nyingi. Lakini sukuma na kabichi ni wageni waliokuja na mbegu zao katika pakiti, na maelezo yakaandikwa nyuma ya pakiti. Mboga zetu hazikuandikiwa maelezo. Maelezo yalikuwa kichwani mwa nyanya zetu, na hapo ndipo tulipopotezea njia: tulichukua mbegu tukaacha maelezo. Wako wataalamu waliogutuka mapema. Mwaka wa 1999 Patrick Maundu na wenzake wa Makavazi ya Kitaifa walitoa kitabu kikubwa cha mimea ya chakula cha asili nchini Kenya, na Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno kisha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, amefanya kazi ya mboga hizi hizi kwa miaka mingi mpaka dunia ikamjua. Mcheza kwao hutuzwa. Mwaka wa 2021 shirika la UNESCO nalo liliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora. Kwa hivyo usimcheke mtu anayebeba dek kwenye kikapu. Kikapu hicho kimefika mbali.

Sasa tuingie shambani.

Dek ndiyo inayosumbua watu zaidi, nami nitakaa hapo kidogo. Mbegu ya dek ikitoka tu kwenye ganda lake haioti. Si kwamba imekufa. Imelala. Wataalamu wanasema mbegu hiyo huhitaji kukaa miezi mitatu hivi, hata kufikia sita, baada ya kuvunwa ndipo iamke. Maumbile yameifanya hivyo kwa akili: mmea wa mwitu ukimwaga mbegu mwishoni mwa mvua, na mbegu zote ziote papo hapo, jua la kiangazi litaziua zote. Basi zinalala hadi mvua nyingine.

Hebu tupige hesabu ya majira yetu. Mvua ya masika, ambayo Wajaluo huiita chwiri, huanza mwezi wa Machi. Ukipanda Machi utavuna mbegu zilizokauka kama Julai. Mvua ya vuli, yaani opon, inakuja Septemba. Toka Julai hadi Septemba ni miezi miwili tu. Ndiyo sababu mtu akichukua mbegu za Julai akazipanda Septemba, hazioti, au zinaota tatu nne kama meno ya mtoto. Mbegu ya chwiri ni ya chwiri ya mwaka ujao, na mbegu ya opon ni ya opon ijayo. Nyanya yangu anaishi Ndhiwa, upande wa Homa Bay, na jikoni kwake, juu ya meko, kumetundikwa vibuyu viwili vya mbegu za dek. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni vingi kwa sababu ana mbegu nyingi. Kumbe kimoja ni cha msimu uliopita na kingine ni cha msimu huu, na cha msimu huu hakiguswi. Jirani akija kuomba kutoka kibuyu kisicho chake, nyanya hucheka. Nami siku moja nilipotaka kukishika aliniambia, "Nyakwara, hizo bado zinalala. Ukizimwaga sasa umelisha ndege."

Hajasoma kitabu chochote cha mbegu, lakini amesema yale yale yaliyo vitabuni.

Kwa hivyo ukinunua mbegu za dek sokoni Rongo au Rodi Kopany, zile zinazopimwa kwa kijiko, usiulize kwanza bei. Uliza: "Mama, hizi ulivuna lini?" Muuzaji mwaminifu atakuambia. Akisema juzi, nunua kama unataka, lakini uziweke. Na ukinunua za pakiti kutoka duka la mbegu, soma tarehe iliyopigwa kwenye pakiti kabla hujatoa pesa, kwa maana kulala ni jambo moja na kufa ni jambo jingine. Mwenzangu mmoja wa darasani aliuziwa mjini pakiti ambayo tarehe yake ilikuwa imepita kitambo. Kitalu kizima kikatoa miche isiyofika kumi. Mbegu iliyozeeka haiamshwi na chochote.

Tabia ya pili ya dek ni kwamba haipendi mwanga inapoota. Ukiimwaga juu ya udongo ikabaki imetazama jua, mwanga huo huo unaizuia. Ifunike kwa udongo laini, lakini kidogo tu, usizidi sentimita moja, maana mbegu yenyewe ni ndogo kama chembe ya baruti na haina nguvu ya kupanda kutoka chini sana. Inataka joto pia. Huku kwetu karibu na ziwa joto si shida.

Tabia ya tatu: usiihamishe. Dek huteremsha mzizi mkuu mapema, na ukiung'oa mche ukaupeleka mahali pengine utakaa kama mgonjwa. Panda pale pale itakapokulia, katika mistari iliyoachana kama rula moja ya shule, yaani sentimita 30, kisha miche ikiwa na majani manne hivi ipunguze ile iliyosongamana. Ile uliyoing'oa usiitupe, ni mboga tayari. Baada ya wiki nne hadi sita utaanza kuchuma. Ukiona maua yanataka kuchomoza yakate kwa ncha za vidole. Dek ikishatoa maua husahau majani. Ila uache mimea mitano sita, ile mizuri kabisa, usiichume hata jani moja. Hiyo ndiyo mama wa mbegu. Watu wengi hufanya kinyume: wanakula mimea mizuri, na ile iliyodumaa ndiyo inayoachwa izae. Fanya hivyo misimu mitatu halafu ushangae mbona dek yako imekuwa fupi!

Maganda yake ni marefu na membamba. Yakigeuka manjano yakate mapema, kabla hayajapasuka, kwa sababu yakipasuka mbegu zote huruka na ndege hufika kabla yako. Yatandaze kwenye gazeti kivulini.

Kuna jambo jingine la dek ambalo wenye mbuzi watalipenda. Ile harufu yake inayowafanya watoto wa mjini wazibe pua haipendwi na kupe pia. Mwaka wa 1992 watafiti wa kituo cha ICIPE waliandika kwamba mmea huu una uwezo wa kufukuza kupe, na hata kuwaua. Sisemi uache kuwapeleka mbuzi kwenye josho. Nasema tu kwamba kando ya zizi ni mahali pazuri pa kuotesha dek, na samadi iko karibu.

Osuga tabia yake ni tofauti kabisa. Mbegu zake zimo ndani ya vitunda vidogo vya mviringo, na kitunda kina ute. Mtu akikausha kitunda kizima na kukipanda hivyo, mbegu hukaa zimefungwa katika ule ute mkavu. Dawa yake ni rahisi. Chuma vitunda vilivyoiva kabisa, viponde ndani ya bakuli la maji, viache usiku mmoja au mbili hadi vianze kuchacha, kisha sugua kwa mkono na umwage maji ya juu. Mbegu nzuri zitazama chini, zile tupu zitaelea na maganda. Osha mara tatu nne, zianike kivulini kwenye kitambaa au karatasi. Zikikauka zinakuwa kama changarawe ndogo za rangi ya maziwa yaliyoungua.

Osuga, tofauti na dek, haina kinyongo na kuhamishwa. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hivyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize, la sivyo zote zitaangukia mahali pamoja. Miche ikiwa na majani manne hadi sita ihamishie bustanini au kwenye gunia lililojazwa udongo na samadi. Iko ya aina mbalimbali. Ile ya majani mapana huzaa vitunda vikubwa vyeusi vya zambarau, ni ya kujaza sufuria, na si chungu sana. Nyingine ina majani madogo na vitunda vya rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo wazee huisifu kwa uchungu wake. Kila mtu na ulimi wake. Ila nakuonya: vitunda vibichi vya kijani vina sumu. Watoto wadogo wasivichezee, na wala sungura asipewe matawi ya osuga yenye vitunda.

Tukija kwa apoth, hapa mbegu haikulala, imejifungia ndani. Ganda lake ni gumu, maji hayapiti. Unaweza kuimwagilia mwezi mzima, ikaota moja moja inapotaka. Njia iliyothibitishwa ni maji ya moto. Funga mbegu kwenye kitambaa, chemsha maji, yaepue, yakiacha kutokota zamisha kile kitambaa kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano, toa. Ziache zikauke usiku kucha, kesho yake uzipande. Ukihesabu mpaka mia utakuwa umepika mbegu, kwa hivyo usimwachie kazi hiyo mtu mwenye maneno mengi.

Hii apoth tunayoidharau ati ni mboga ya makamasi, Wamisri huipika kila siku na kuiita mulukhiya. Na huko Bangladesh na India, mmea huu huu pamoja na ndugu yake hulimwa mashamba kwa mashamba, si kwa majani bali kwa nyuzi za shina lake. Nyuzi hizo ndizo zinazofumwa yale magunia ya katani ya kigeni tunayoyaita magunia ya juti. Kwa hivyo ukiota apoth yako ndani ya gunia kuukuu la juti, umempanda mtoto ndani ya babake!

Mitoo ni ya mtu mvivu. Panda moja kwa moja, funika, ondoka. Itaota katika siku chache, ila mwanzoni hukua polepole sana na magugu huishinda, kwa hivyo palilia mapema. Utaanza kuchuma baada ya miezi miwili hivi. Iko mitoo chungu ya majani ya kijani kizito na mitoo baridi ya majani ya kijani kilichopauka. Ni jamii ya maharagwe, na mizizi yake ina vinundu vinavyotia rutuba udongoni. Huko Peramiho, kusini mwa Tanzania, mmishonari Gerold Rupper alieneza marejea miongoni mwa wakulima kuwa mbolea ya shamba. Utajua maganda yameiva unapotikisa tawi ukasikia kayamba. Mbegu zenyewe zisiliwe, si na mtu si na mfugo. Jamii hii ina sumu katika mbegu.

Kabla hujapanda mbegu yoyote, ijaribu. Hesabu mbegu 50, zipange juu ya karatasi laini iliyoloweshwa, ikunje, uiweke ndani ya mfuko wa plastiki au sahani iliyofunikwa, mahali pa joto na giza. Baada ya siku saba hadi kumi hesabu zilizochipua. Zikiwa 40, hiyo ni asilimia 80, panda kwa kawaida. Zikiwa 20, panda maradufu. Zikiwa tano, kama ni dek ya juzi irudishe kibuyuni ilale, na kama ni ya miaka mingi wape kuku. Jaribio hili ni karatasi na maji tu, nalo litakuokoa wiki tatu za kunyunyizia udongo mtupu.

Na uwekaji je? Adui wa mbegu ni unyevu, joto na fukusi. Nyanya huchanganya mbegu na jivu, kisha kibuyu hukaa mahali panapopita moshi. Jivu hunyonya unyevu na kuwakera wadudu, moshi nao hukausha na kufukuza. Sisi tunaopikia jiko la gesi hatuna moshi, lakini jivu tunaweza kuomba kwa jirani mwenye kuni, na chupa yenye kifuniko kinachokaza inatosha. Muhimu ni kwamba mbegu ziwe zimekauka kabisa kabla ya kufungiwa. Zikifungiwa na unyevu zitaoza humo humo.

Sasa nije kwa sungura, maana najua wengi wetu tunawafuga na tunawalisha chochote kinachookotwa njiani tukitoka shule. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni nyasi. Majani ya kabichi hayasagi meno. Anahitaji nyasi nyingi, hasa nyasi kavu. Nyasi changa zenye umande zikiwa nyingi humvimbisha tumbo, kwa hivyo zikate leo, zinyauke, mpe kesho.

Nyasi zinazofaa kupandwa kwa mbegu ni za Rhodes. Zimepewa jina la yule Mwingereza Cecil Rhodes, ingawa nyasi zenyewe ni za Afrika na zilikuwepo kabla hajazaliwa. Nazo mbegu zake, utashangaa, hulala kama dek. Zikivunwa hutaka miezi kadhaa ndipo ziote vizuri. Ni nyepesi kama pamba, upepo ukivuma zinakwenda kwa jirani, basi zichanganye na mchanga au samadi kavu. Lainisha udongo uwe kama unga, nyunyiza, kisha usizike. Fagia juu kwa tawi na ukanyage kwa miguu ili mbegu ishikane na udongo. Zile sehemu za Kendu Bay zenye udongo mweusi unaotuamisha maji, pandisha kitalu juu, kwa sababu hazipendi kusimama majini. Wengi wetu tumezoea nyasi za tembo, zile zinazopandwa kwa vipande vya shina. Ni nzuri, lakini huku magharibi mwa Kenya zimevamiwa na ugonjwa wa kudumaa, na ukiomba vipande kwa mtu unaweza kuubeba ugonjwa pamoja navyo.

Aliyepanga chumba kimoja asikate tamaa. Loweka mahindi ya ghalani usiku mmoja, yatandaze kwenye trei au karai lililotobolewa, nyunyizia maji asubuhi na jioni, na baada ya siku saba hivi una zulia la kijani. Sungura atalila, na paka wa nyumbani naye atapita kung'ata majani mawili matatu kama kawaida ya paka. Lakini sikiliza mambo mawili kwa makini. La kwanza, usitumie mahindi ya mbegu yaliyopakwa rangi nyekundu, kijani au buluu. Rangi hiyo ni onyo kwamba yametiwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. La pili, usioteshe mtama. Mtama mchanga, na hasa ule unaochipuka upya baada ya kukatwa au baada ya kiangazi, una sumu kali inayoweza kumwangusha hata ng'ombe. Huku kwetu mtama uko kila boma, na watoto ndio wanaotumwa kukata majani, kwa hivyo ni sisi tunaopaswa kulijua hili. Majani ya mparachichi pia usimpe sungura.

Kama unataka kuona nyasi na chakula cha watu vikisaidiana shambani, nenda Mbita. Hapo kando ya ziwa ndipo ICIPE, ikishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, ilianza katika miaka ya 1990 kufundisha wakulima kupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na kuzungushia shamba nyasi za tembo. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa funza wa bua, nyasi za nje humvuta akatage huko, na mizizi ya desmodiamu huidhibiti kayongo, ile gugu ya maua ya zambarau inayonyonya mahindi na mtama wetu. Baadaye desmodiamu hukatwa ikawa lishe. Sungura wetu huikimbilia kuliko kitu kingine chochote, nayo pia huota kwa mbegu.

Hadi hapa nimeongea kama mtu anayedhani mbegu ni mali ya kila mtu. Lakini kwa muda mrefu sheria haikuona hivyo. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, ilivyorekebishwa mwaka wa 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa, na adhabu ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Soma tena. Yule mama wa Rodi Kopany anayepima dek kwa kijiko, na nyanya yangu anayempa jirani mitoo apewe apoth, kwa mujibu wa karatasi walikuwa wahalifu. Wala hawakujua. Sheria ilikusudiwa kuwazuia matapeli wanaouza mahindi ya kawaida katika pakiti za mbegu bora, na matapeli hao wapo kweli. Hata hivyo wavu wenyewe ulitupwa mpana mno.

Mwaka wa 2022 wakulima wadogo kumi na watano walikwenda mahakamani. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vilivyowakataza wakulima kuweka na kubadilishana mbegu zao za asili vinakwenda kinyume na Katiba. Na Katiba yetu ya 2010, tunayoisoma katika somo la Historia, inasema katika Ibara ya 11 kwamba Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Wakulima wale walishinda haki ya kuwa na mbegu. Lakini kwa maoni yangu mahakama haiwezi kumfundisha mtu kuhesabu mpaka tano juu ya maji ya moto, wala kumwambia kibuyu kipi kisiguswe. Hayo bado yako Ndhiwa, na Kuria, na Karachuonyo, kwa watu ambao wengi wao wana umri wa zaidi ya miaka sabini, na sisi huenda ushago likizo tukashinda tumeinamia simu.

Kwa upande wangu nimeanza na daftari la kurasa 48. Kila likizo naandika aina moja: imevunwa lini, imelala muda gani, ngapi zimeota kati ya 50. Kwa sasa nina aina tisa, mbili kati yake ni mitoo ambazo sijaziona kwa mtu mwingine isipokuwa nyanya. Mwalimu wetu wa Kilimo ametupa sanduku la mbao nyuma ya maabara, na mlezi wa Chama cha Kiswahili amekubali tubandike karatasi ya majina kwa lugha zote zinazosemwa shuleni. Anayetaka mbegu aje Ijumaa saa ya michezo na mbegu zake za kubadilisha, zilizokauka, zimeandikwa mwezi wa kuvunwa. Osuga ya majani mapana ipo, apoth ipo, mitoo baridi ipo nyingi. Dek ya mwezi wa Julai pia imo ndani ya chupa yenye kitambaa chekundu, lakini hiyo msiniombe kabla ya mvua ya Machi.